Intaneti na Hesabu ya Mwanachama: Somo kwa Makatibu na Wanachama

MADHUMUNI YA SOMO

Somo hili limekusudiwa kusomwa na katibu pamoja na wanachama, na kujadiliwa kikaoni. Linahusu matumizi ya simu na intaneti katika chama cha ushirika. Siku hizi vyama vingi vimenunua kompyuta na kufungua makundi ya WhatsApp, na vingine vimejitengenezea kurasa zenye picha za viongozi. Hata hivyo, swali linalopaswa kutangulia ni moja: mwanachama amepata nini? Endapo bado hajui akiba yake ni kiasi gani, wala amekatwa nini na kwa sababu gani, basi chama kimenunua chombo lakini hakijatoa huduma.

1. USHIRIKA ULIANZIA KWENYE MIZANI

Jambo hili si geni kama linavyodhaniwa. Mwaka 1844, wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao wenyewe ili wapate unga usioghushiwa na kipimo kisichopunjwa. Hapa nchini, katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliweka watu wao kando ya mizani ya wanunuzi ili kuhakiki uzito. Juhudi hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, zilizaa vyama vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation. Mkulima alijiunga na chama kwa sababu alitaka kuiona mizani kwa macho yake.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Sheria iliweza kurudisha majina, majengo na mihuri. Imani ya mwanachama haiandikishwi kwa sheria. Imani hurudi pale tu mwanachama anapoiona tena mizani.

Kwa chama cha akiba na mikopo, mizani ni daftari. Kazi ya kwanza ya intaneti, basi, ni kumwezesha mwanachama kuliona daftari hilo mahali popote alipo.

2. MFANO WA GUNGU

Na uchukuliwe mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye ofisi yake Gungu, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Chama hiki ni cha kubuni, lakini wanachama wake ni watu wanaojulikana katika kila mtaa: mvuvi wa dagaa anayeondokea mwalo wa Kibirizi, mama anayeanika na kuuza dagaa, mkulima wa michikichi anayekamua mawese, mwalimu wa shule ya msingi, na mwendesha bodaboda.

Watu hawa hawana saa moja ya kukutana. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa kutumia taa na kulala mchana. Hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, kwa sababu wakati huo taa haiwavuti dagaa. Mkulima yuko shambani. Mwalimu hutoka darasani wakati karani anafunga dirisha. Hivyo anayetaka kujua akiba yake hana budi kupoteza nusu siku, au aache kuuliza. Aghalabu huacha kuuliza. Na wanachama wanapoacha kuuliza, daftari hubaki mikononi mwa watu wawili au watatu, na hapo ndipo hasara nyingi za vyama huanzia.

3. UJUMBE WA SIMU NI STAKABADHI YA PILI

Katibu wa chama cha namna hii asianze na ukurasa wa intaneti. Aanze na ujumbe mfupi wa simu, ambao hufika hata kwenye simu ndogo ya vitufe, ile iitwayo kitochi. Utaratibu wake ni huu:

(a) Mtunza fedha anapokea fedha, anaandika stakabadhi na kuingiza daftarini.

(b) Siku hiyo hiyo mwanachama anatumiwa ujumbe, kwa mfano: "Umeweka Sh. 40,000 leo. Stakabadhi Na. 417. Akiba yako sasa ni Sh. 185,000. Mkopo uliobaki ni Sh. 320,000. Ukiona tofauti, fika ofisini na stakabadhi yako."

(c) Mtu anayetuma ujumbe asiwe yule aliyepokea fedha. Kanuni hii ndiyo roho ya utaratibu wote. Mtu mmoja akipokea, akaandika na kutuma ujumbe, anaweza kuficha kosa lake mara tatu. Kazi hizo zikigawanywa, kosa litajitokeza kabla jua halijatua.

(d) Kila baada ya miezi mitatu, mwanachama anatumiwa muhtasari wa hisa, akiba na mkopo wake.

Chama kinachofuata utaratibu huu huwa na wakaguzi wengi kama wanachama wake. Mkaguzi wa nje, awe wa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani COASCO, au mwingine anayekubalika kisheria, huja kwa nyakati zake. Mwanachama hukagua kila anapotazama simu yake.

Vyama vya mazao navyo vinaweza kufuata njia hiyo. Ujumbe wa mkulima wa kahawa wa Kalinzi uoneshe kilo alizopeleka, bei, kila kato kwa jina lake, na kiasi atakachopokea mkononi. Tangu msimu wa 2024, minada ya korosho ya Mtwara na Lindi imeendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX, na bei hujulikana siku ile ile. Lakini bei ya mnada siyo fedha ya mkulima. Kati ya hizo mbili yapo makato, na yasipoelezwa, mkulima huhisi ameibiwa hata kama hakuibiwa. Mwenye hisia hiyo huuza zao lake kwa mlanguzi likiwa bado mtini.

4. HABARI INAYOFIKA KWA WAKATI

Huduma ya pili ni tangazo. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana, kufuatana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa hilo: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Miezi mitatu bila uvuvi ni miezi mitatu ambayo mvuvi hana cha kurejeshea mkopo, na mama mwenye chanja hana cha kuanika.

Jambo kama hilo linapotangazwa, chama chenye orodha sahihi ya simu, iliyopangwa kwa kazi za wanachama, huweza kuwaita wavuvi na wauza dagaa peke yao kabla nyavu hazijakunjwa. Kamati ya mikopo huweza kuzungumza na kila mkopaji juu ya ratiba mpya, kwa kadiri masharti ya chama yanavyoruhusu. Chama kisichokuwa na orodha husubiri hadi rejesho likose, kisha huandika barua ya madai. Wa kwanza huokoa mkopo na mwanachama. Wa pili aghalabu hupoteza vyote viwili.

Hata siku ya mkutano ichaguliwe kwa hekima. Chama chenye wavuvi wengi kiite mkutano wakati wa mbalamwezi, na mwaliko utumwe mapema pamoja na ajenda.

5. INTANETI YA OFISI

Kompyuta yenye intaneti humsaidia katibu katika shughuli zake na mamlaka za juu. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013, ina Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, ambamo vyama huwasilisha taarifa zao. Katibu atambue mambo mawili. Kwanza, mfumo hauwezi kusahihisha daftari bovu. Kilichoandikwa vibaya kwenye karatasi kitakuwa kibaya pia kwenye kompyuta. Pili, neno la siri la chama ni sawa na ufunguo wa sanduku la fedha. Katibu anayemwachia kijana wa steshenari neno hilo ili amjazie fomu amekabidhi sanduku kwa mtu ambaye mkutano mkuu haukumchagua.

6. MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Siri ya mwanachama. Baadhi ya vyama huona ni ujasiri kuwataja wadaiwa katika kundi la WhatsApp. Ni kosa. Deni la mwanachama ni jambo kati yake na chama, na aibu haijapata kurejesha mkopo. Humfanya mtu abadili namba ya simu. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda na kuzitumia kwa lengo lililokusudiwa. Jumla ya mikopo iliyochelewa inaweza kutangazwa. Majina yabaki ofisini.

Matapeli. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unajulikana nchi nzima. Chama kitangaze namba moja tu ya kupokelea fedha, iandikwe ubaoni na kwenye kila kitabu cha mwanachama, na isibadilishwe kwa ujumbe wa simu. Namba ya tapeli iripotiwe kwa kuituma kwenda 15040.

Wasio na simu. Mwanachama asiye na simu, au asiyejua kusoma, hajapungukiwa uanachama. Ubao wa matangazo ubaki palepale, na iwepo siku maalumu ya kusomewa hesabu faraghani.

Kundi si mkutano. Maneno ya watu ishirini wenye simu janja hayawezi kuwa uamuzi wa wanachama mia tatu. Makisio na ukomo wa madeni huamuliwa na mkutano mkuu, na uchaguzi wa viongozi huwa mkutanoni. Intaneti ipeleke taarifa ya hesabu kwa wanachama kabla ya mkutano ili waje wameisoma. Kuamua ni kazi ya mkutano.

7. GHARAMA

Bodi ipige hesabu ya vifurushi, ujumbe na matengenezo ya kompyuta, na kuiingiza katika makisio ili wanachama waipitishe. Kisha gharama hiyo ilinganishwe na hasara ya rejesho moja lisiloingizwa daftarini. Chama kichanga kianze na simu moja, orodha moja iliyo sahihi, na karani mmoja mwaminifu. Ukurasa wa intaneti unaweza kusubiri. Mwanachama amesubiri vya kutosha kuijua hesabu yake.

MASWALI YA KUJADILI KIKAONI

1. Katika chama chenu, ni nani hupokea fedha, ni nani huandika daftari, na ni nani huwajulisha wanachama? Je, ni mtu mmoja?

2. Ni wanachama wangapi ambao namba zao za simu katika rejesta ni sahihi leo?

3. Mwanachama mvuvi, mkulima au mfanyabiashara wa chama chenu angetaka kujua akiba yake jioni hii, angeijuaje?

4. Ni habari gani ya chama inayofaa kutangazwa kwa wote, na ni ipi inayopaswa kubaki siri ya mwanachama?

Majibu ya maswali haya yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za kikao, na yasomwe tena baada ya miezi sita ili ionekane ni lipi limetekelezwa.