Tambi za Lanzhou: maswali ya msafiri mwenye njaa

Wanaokwenda Guangzhou au Yiwu kufuata mzigo mara nyingi hufunga safari na biskuti, dagaa na wasiwasi wa chakula. Kumbe mitaani kule kumejaa migahawa midogo inayouza tambi za nyama ya ng'ombe, zinazovutwa kwa mkono mbele ya macho ya mteja na kuletwa zikiwa zinafuka moshi. Kwa mtu wa pwani yetu sijaona meza ya kuaminika kuliko hiyo katika China nzima. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi kuihusu.

Nitajuaje kwamba nyama ni halali?

Tazama kibao cha mlangoni. Tafuta herufi hizi mbili: 清真, zinazosomwa qingzhen. Ndiyo alama ya chakula cha Waislamu nchini China. Zihifadhi kwenye simu kabla hujapanda ndege. Zamani vibao vingi vilikuwa pia na neno halali kwa Kiarabu, lakini katika miaka ya karibuni mamlaka za Beijing na za miji mingine ziliamuru maandishi ya Kiarabu yaondolewe, kwa hiyo kuyakosa si dalili mbaya. Ukiingia, mara nyingi utawakuta wanaume wenye kofia nyeupe na wanawake waliojifunga mitandio. Hao ni Wahui, Waislamu wa China, na wengi wa wenye migahawa hii wametoka wilaya moja tu, Hualong, katika jimbo la Qinghai.

Tahadhari iko kwenye migahawa mingine ya tambi. Huko neno rou, yaani nyama, likitajwa peke yake huwa ni nguruwe. Ng'ombe ni niurou, kondoo ni yangrou, kuku ni jirou. Wala usidhani umepona kwa kuagiza bakuli lisilo na nyama: tambi za Chongqing, ambazo ni maarufu sana, kwa kawaida huungwa kwa mafuta ya nguruwe. Hili huwapata wengi, na hakuna anayekusudia kuwadanganya. Mpishi huona mafuta ni kiungo tu, wala hayahesabu kuwa nyama.

Kama wenyewe ni wa Qinghai, mbona kibao kinasema Lanzhou?

Kwa sababu sifa ni ya Lanzhou. Huo ni mji mkuu wa jimbo la Gansu, uliotandazwa kandokando ya mto Huang He, na upishi wa bakuli hili kama linavyojulikana leo huhusishwa na Mhui aitwaye Ma Baozi, aliyekuwa akiuza tambi zake huko mnamo 1915. Watu wa Lanzhou hulipima bakuli kwa rangi tano: supu iwe angavu, figili ziwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, majani ya giligilani na ya kitunguu saumu yawe ya kijani, na tambi ziwe za manjano. Nakusihi ulitazame bakuli lako hivyo kabla hujalikoroga, kwani supu yenye ukungu haijapikwa kwa uangalifu.

Ukibahatika kufika Lanzhou kwenyewe, amka mapema. Kule hiki ni chakula cha asubuhi, na migahawa mingi ya kusifika hufunga mchana mapema, supu ya siku ikiisha.

Nikishaingia nafanya nini?

Usikae ukangoja kuhudumiwa. Kwa desturi unaanzia kaunta, unalipa, unapewa karatasi, unaipeleka kwenye dirisha la jikoni. Siku hizi migahawa mingine imebandika msimbo wa QR mezani, unaagiza kwa simu. Picha za vyakula huwa ukutani, na kuonyesha kwa kidole hakumkeri mtu.

Dirishani mpishi anaweza kukuuliza unataka tambi za unene gani. Kuna maoxi, nyembamba mno; kuna xi na erxi, za mviringo; kuna jiuye, bapa na nyembamba; halafu kuan na dakuan, pana na nzito. Kwa mara ya kwanza chagua erxi. Maoxi hupendeza macho lakini hulowa upesi, na mgeni anayehangaika na vijiti huishia kula uji.

Bakuli kubwa, nyama vipande vitatu. Si wizi huo?

Si wizi. Unachonunua hasa ni supu ya mifupa iliyochemshwa kwa saa nyingi na kazi ya mikono. Ukitaka nyama zaidi sema jia rou, utaongezewa kwa malipo.

Simama utazame jikoni. Unga wa ngano hukandwa kwa maji, chumvi na unga wa alkali, unaofanya kazi kama magadi yetu, ila hapa kazi yake ni kulifanya donge livutike bila kukatika. Zamani alkali hiyo ilitokana na majivu ya mmea wa nyikani. Mpishi hulivuta donge, hulikunja katikati, hulivuta tena, na kila mvuto huzidisha nyuzi maradufu: mivuto 7 hutoa nyuzi 128, wa 8 hutoa 256. Yote hayo ndani ya dakika moja hivi, kwa bakuli ambalo mara nyingi halizidi yuan 20. Mimi nauheshimu ufundi huu kuliko vyakula vingi vya hoteli kubwa.

Na malipo?

Alipay na WeChat hupokea kadi za Visa na Mastercard za nje, na malipo yasiyozidi yuan 200 hayakatwi ada ya kadi ya kigeni. Unganisha kadi ukiwa nyumbani, maana uhakiki wa pasipoti unaweza kuchukua muda. Noti pia hupokelewa, ila beba ndogondogo, chenji ni shida. Bahashishi haitolewi.

Siwezi pilipili.

Sema bu yao la mapema, kabla bakuli halijajazwa, kwa kuwa mpishi huimimina mwenyewe mwishoni. Asiyependa giligilani aseme bu yao xiangcai. Mezani kuna siki nyeusi. Matone machache hukata mafuta ya supu vizuri sana.

Adabu za mezani?

Kuvuta tambi kwa sauti si aibu. Kushiriki meza na usiyemjua ni kawaida. Usivisimike vijiti wima ndani ya bakuli, hufanana na udi unaochomewa marehemu.

Tuko wanne, na supu imetuchosha.

Agizeni dapanji, kuku wa asili ya Xinjiang aliyepikwa na viazi na pilipili katika sinia moja. Mchuzi ukibaki, ombeni tambi pana ziongezwe humo.

Naweza kuingia na chakula nilichonunua nje?

Usiingie nacho. Mwenye mgahawa hawezi kujua mfuko wako una nini, na hataki nguruwe wala pombe igusane na vyombo vyake. Wengi wamebandika tangazo mlangoni. Ukiwa na mfuko wa sokoni, muulize kwanza pa kuuweka, naye atakuonyesha.