Njia ya Baiskeli Hupangwaje? Somo kwa Wakazi wa Turbo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simama kando ya barabara ya Eldoret–Malaba pale Jua Kali uwaangalie wanaopita. Kuna fundi wa ujenzi aliyefunga vifaa vyake kwa mpira nyuma ya baiskeli. Kuna mfugaji aliyening'iniza mitungi miwili ya maziwa. Kuna mwanafunzi aliyempakia mdogo wake. Upande mmoja wanapitwa na matrela ya kwenda na kutoka Uganda. Upande wa pili ni changarawe, matope na mtaro. Trela likipiga honi, mwenye baiskeli hana budi kushuka kwenye lami.

Watu hawa hawaibi nafasi ya magari. Ni watumiaji halali wa barabara kama dereva yeyote, na wanalipa kodi kama sisi sote. Hata hivyo, katika mikutano ya umma wengi wetu huomba lami, taa na daraja, na ni nadra mtu kusimama na kuomba njia ya baiskeli. Pengine tunadhani ni jambo la miji ya Ulaya, au hatujui ombi hilo lipelekwe wapi. Katika somo la toleo hili tunaeleza jinsi njia ya baiskeli inavyopangwa, nani mwenye mamlaka juu ya barabara ipi, na ni wakati gani sauti ya mkazi ina uzito.

Kwa nini sasa?

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipata hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Wakazi wa Huruma na Kiplombe wameuona ukuaji huo mlangoni pao: nyumba zimeongezeka, magari yameongezeka, na safari ya kwenda kazini imekuwa ndefu.

Tufanye hesabu ndogo. Mtu anayetembea kilomita 5 hutumia takriban saa moja. Kwa baiskeli, hata bila haraka, umbali huo huchukua dakika 20 hadi 25. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, nauli ya kwenda na kurudi anayoiokoa ni unga wa jioni.

Baiskeli pia si ngeni kwetu. Jina boda boda lilizaliwa upande huu wa magharibi mwa nchi, mpakani Busia, katika miaka ya 1960, wakati vijana walipokuwa wakiwavusha abiria kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Pikipiki zilikuja baadaye zikarithi jina.

Barabara ni ya nani?

Hili ndilo swali la kwanza kabla ya kuandika ombi lolote. Sheria ya Barabara za Kenya ya 2007 iliunda mamlaka tatu za kitaifa: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya barabara za mashambani. Jedwali la Nne la Katiba nalo likaipa serikali ya kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, na usimamizi wa msongamano na maegesho.

Maana yake ni kwamba barabara ya A8 inayopita Jua Kali na Turbo mjini iko chini ya KeNHA. Kaunti haiwezi kuamka asubuhi na kuichimba ili kuweka njia ya baiskeli. Inachoweza ni kuandika barua, kupeleka takwimu na kujadiliana, hasa barabara inapokaribia kukarabatiwa. Kuweka njia wakati barabara inajengwa ni nafuu kuliko kurudi baadaye kung'oa mitaro na kuhamisha nguzo za umeme.

Barabara ya pembeni ya Eldoret, kutoka Cheplaskei hadi Leseru, imewapa madereva wa matrela njia ya kukwepa katikati ya mji. Hata hivyo, inaungana tena na barabara kuu pale Leseru. Kwa hivyo kuanzia Leseru kuelekea Turbo, trela na baiskeli bado zinatumia lami ileile.

Barabara za kaunti, zile zinazotoka vijijini hadi shuleni, sokoni na kwenye vituo vya maziwa, ziko mikononi mwa kaunti yenyewe. Huko ndiko mkazi anaweza kuona mabadiliko bila kusubiri Nairobi.

Hatua tano za kupanga

1. Kuhesabu. Mpangaji mzuri huanza kwa kuhesabu watu, si magari pekee. Trela moja huonekana kubwa, lakini ndani mna watu wawili. Tukihesabu magari tu, mwenye baiskeli na mwenye kutembea hawaonekani kwenye ripoti, na asiyeonekana kwenye ripoti haonekani kwenye bajeti.

2. Kuunganisha. Njia ya mita 500 inayoanzia popote na kuishia mtaroni haimsaidii mtu. Mtandao huanza na safari zenyewe: nyumbani hadi shuleni, mtaani hadi sokoni, shambani hadi kituo cha maziwa. Njia hukadiriwa kwa sehemu yake mbaya zaidi. Mzazi atamruhusu mtoto aende shule kwa baiskeli ikiwa safari nzima ni salama, si robo tatu yake.

3. Kutenganisha au kupunguza kasi. Palipo na matrela na mwendo wa kasi, mstari wa rangi hautoshi. Panahitajika ukingo wa zege, nguzo fupi au ukanda wa nyasi kati ya baiskeli na magari. Miongozo ya usanifu hupendekeza upana usiopungua mita 2 kwa njia ya upande mmoja, ili aliyebeba mzigo apitwe bila kusukumwa. Palipo na nafasi finyu, kama ndani ya mitaa, suluhisho ni kupunguza kasi ya magari kwa matuta na vivuko vilivyoinuliwa, kisha wote watumie barabara moja.

Kasi ndiyo inayoamua nani anafika nyumbani. Gari likiongeza mwendo mara mbili, umbali linaohitaji ili lisimame baada ya kukanyaga breki huwa mara nne. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima anayetembea akigongwa na gari lenye kasi ya kilomita 50 kwa saa, uwezekano wa kufa ni chini ya asilimia 20. Kwa kilomita 80 unakaribia asilimia 60. Sheria yetu ya trafiki inaweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo ndani ya miji na vituo vya biashara. Turbo mjini ni kituo cha biashara.

4. Makutano. Ajali nyingi hutokea pale njia zinapokutana. Gari linalokata kushoto humpita mwenye baiskeli kisha likamfungia njia. Kona ikikazwa, dereva hulazimika kupunguza mwendo. Kivuko kikiinuliwa na kuwekwa taa, dereva humwona anayevuka mapema. Hizi ni kazi ndogo kwa gharama, lakini huokoa watu.

5. Kutunza. Hapa kwetu mvua hunyesha kwa miezi mingi. Njia isiyo na mtaro mzuri itajaa tope kabla ya mwaka kuisha. Vilevile njia iliyoachwa bila msimamizi hugeuka kuwa maegesho ya pikipiki na meza za mitumba. Wachuuzi na waendesha boda boda nao wanatafuta riziki, hivyo watengewe nafasi yao kwenye mchoro tangu mwanzo. Kuwafukuza baada ya ujenzi kumeshindikana katika miji mingi.

Waliotutangulia

Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Faida ya sera kama hiyo ni kwamba inataja kiasi, na mkazi anaweza kuuliza kila mwaka kama ahadi imetimizwa. Lakini yeyote aliyeendesha baiskeli Nairobi anajua pia kwamba njia nyingi hukatika ghafla kwenye makutano au hukaliwa na magari. Sera bila msimamizi haitoshi.

Jirani zetu wa Kisumu waliandaa Mpango wa Usafiri Endelevu mwaka 2020, kwa ushirikiano na shirika la ITDP na UN-Habitat. Katikati ya mji, eneo linalojulikana kama Kisumu Triangle, nafasi ya wanaotembea imepanuliwa.

Wapo wanaosema Uholanzi ilizaliwa na baiskeli. Sivyo. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa katika barabara za nchi hiyo, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi waliingia barabarani kudai usalama, na mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda dunia nzima, serikali ikaona kwamba kutegemea gari peke yake ni hatari. Njia tunazozisifu leo zilitokana na madai ya wananchi.

Na wanaosema kwetu ni juu sana, Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, uko mita 2,600. Tangu miaka ya 1970 mji huo hufunga barabara zake kadhaa kila Jumapili, na sasa zaidi ya kilomita 100 huachiwa baiskeli na watembeaji.

Sema lini?

Wakazi wengi hufika kwenye vikao vya bajeti mwezi Aprili au Mei, wakati hesabu zimeshapangwa, kisha hurudi nyumbani wakisema hawakusikizwa. Kalenda ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ni hii:

– Kufikia tarehe 1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti. Hapa ndipo mradi huingizwa. Ombi lako lifike kabla ya hapo.
– Kufikia tarehe 28 Februari: mkakati wa fedha huwasilishwa, na kila idara huwekewa kiwango chake.
– Kufikia tarehe 30 Aprili: makadirio ya bajeti huwasilishwa.
– Tarehe 1 Julai: mwaka mpya wa fedha huanza.

Ibara ya 196 ya Katiba inalitaka Bunge la Kaunti kuhusisha umma katika kazi zake. Si hisani, ni haki yako.

Zoezi la mwezi huu

Kikundi cha vijana, kamati ya wazazi au chama cha wafugaji mnaweza kufanya hili bila gharama. Chagueni mahali pamoja, kwa mfano kivuko cha shule. Kwa siku tatu, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, hesabuni baiskeli, wanaotembea, pikipiki na magari, kila kundi kwa mstari wake. Andikeni sehemu inayowatisha zaidi na sababu. Kisha pelekeni karatasi hiyo kwa msimamizi wa wadi na kwa mwakilishi wadi wenu, mkiandika jina la barabara na kutoka wapi hadi wapi. Ombi lenye hesabu haliwekwi kando kirahisi kama lalamiko la jumla. Ikiwa barabara ni ya mamlaka ya kitaifa, hesabu hizo ndizo kaunti itakazobeba kwenda mezani.

Huku tukisubiri ujenzi, tujilinde: endesha upande wa kushoto, mwelekeo mmoja na magari, weka taa mbele na kiakisi chekundu nyuma, usipakie mzigo unaokuzuia kugeuza shingo. Na wewe dereva, ukimkuta mwenye baiskeli mbele yako, ngoja upate nafasi ya kumpita kwa mbali. Dakika moja haitakuchelewesha kufika Malaba.

Tarehe 3 Juni kila mwaka ni Siku ya Baiskeli Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Baada ya siku hiyo hubaki miezi mitatu hivi kabla ya tarehe 1 Septemba. Inatosha kuhesabu, kuandika na kufikisha ombi lenu.