Kondensa ya Gari la Zamani

Gari kuzimika usiku katika mapori ya Biharamulo na Ngara si jambo la mchezo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabasi yalipita huko yakisindikizwa na polisi wenye silaha. Kwa hiyo mwenye Land Rover ya kale ya petroli yampasa akijue kikopo kimoja kidogo, kama kidole gumba, kiitwacho kondensa. Katika somo la fizikia sisi hukiita kapasita.

Ndani yake mna tepe mbili nyembamba za alumini, zimetengwa kwa karatasi isiyopitisha umeme na kuviringishwa pamoja kama jamvi. Kikopo hufungwa kwenye chuma cha distributa, na waya wake huenda kwenye pointi.

Pointi ni swichi. Zikigusana, umeme wa betri wa volti 12 hupita katika koili na kuifanya sumaku. Zikiachana, nguvu ya sumaku hutoweka, na kule kutoweka ghafla ndiko kunakozaa maelfu ya volti za kurusha cheche kwenye plagi. Katika injini ya silinda 4 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, jambo hili hutokea mara 100 kila sekunde!

Lakini umeme wa koili haukubali kukatwa. Hupanda kufikia mamia ya volti, ukitaka kuruka ule mwanya wa pointi, ambao ni kama milimita 0.4 tu. Ukiruka, sumaku hufa polepole na plagi hupata cheche dhaifu. Kondensa huupokea umeme huo kwa kitambo kidogo mno, mfano wa kishimo kando ya mfereji uliozibwa, kinachopokea maji yasivunje ukingo. Wengi hudhani kazi yake ni kuzilinda pointi tu. Kumbe bila yake plagi yenyewe haina cheche ya maana.

Ikikatika ndani, gari huwaka kwa taabu, hukohoa, na pointi mpya huungua upesi. Fundi anayebadilisha pointi kila mara bila kuitazama kondensa anammaliza fedha mwenye gari. Fungua kifuniko cha distributa gizani, gia ikiwa huru na swichi imewashwa, mwenzako azungushe injini kwa hendeli. Cheche kubwa kati ya pointi huishtaki kondensa. Tepe zikigusana ndani, hakuna cheche popote.

Njiani, ondoa waya wa ile mbovu, kisha funga nzima hata nje ya distributa: waya kwenye mguu wa koili unaokwenda kwenye pointi, kikopo kwenye chuma safi cha injini. Gari litafika Nyakanazi.