Namna ya Kumpata Daktari Bingwa wa Wanawake

Hedhi yangu ilipoanza kupitiliza siku saba, tena ikiambatana na mabonge ya damu, kila jirani hapa Temeke alikuwa na jina la daktari. Na dawa pia: chai za kusafisha kizazi, vidonge vya kuyeyusha uvimbe. Dawa hizo niliziacha zilipo, maana anayekuuzia dawa hajakupima, atajuaje unaumwa nini?

Nilianzia kwa mkunga wa kliniki ya mama na mtoto kwenye kituo chetu cha afya. Wakunga hushinda na madaktari wodini, wanajua nani humsikiliza mgonjwa na nani humkatisha maneno. Ila muulize vizuri. Ukimuuliza nani ni mzuri, atakwambia wote wazuri. Mimi nilimwambia, "Dada, mdogo wako akisumbuliwa na kizazi, ungempeleka kwa nani?" Akanyamaza kidogo, kisha akanitajia jina moja.

Jina ukishalipata, hakikisha ni la bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Daktari wa kawaida anaweza kukutibu mengi, lakini bingwa ameongeza miaka ya masomo kwenye fani hiyo. Madaktari wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na usajili wa mtu unaweza kuuthibitisha huko. Kisha piga simu hospitalini uulize siku yake ya kliniki, kama utahitaji barua ya rufaa, na kama bima yako inapokelewa.

Nenda na daftari. Langu lilikuwa na tarehe za hedhi, idadi ya pedi kwa siku, na usiku niliolazimika kuamka kubadilisha. (Pedi ikilowa chapachapa kila saa kwa saa kadhaa, usisubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali iliyo karibu.)

Kabla ya kwenda kwa bingwa huyo nilishaonana na daktari mwingine, kwenye hospitali nisiyoitaja. Aliitazama karatasi ya utrasaundi, akaniambia kizazi kitolewe, akamwita mgonjwa anayefuata. Niliomba nakala za vipimo vyangu nikaondoka nazo. Ziombe na wewe, usione haya.

Yule bingwa niliyetajiwa na mkunga alivuta karatasi akachora kizazi. Akaweka alama tatu za mahali uvimbe wa kizazi (fibroidi) unapoota: unaoota upande wa ndani, ulio kwenye nyama ya kizazi, na ulio nje. Akanieleza kwamba wa ndani, hata ukiwa mdogo, unaweza kumwaga damu nyingi kuliko mkubwa wa nje. Kisha akaniuliza kama nataka kuzaa tena, maana kuna dawa za kupunguza damu, na kuna upasuaji wa kutoa uvimbe na kuacha kizazi. Aliposema lazima anipime, alimwita muuguzi wa kike asimame nasi. Kama daktari ni mwanamume na roho yako inasita, una haki ya kuomba hivyo.

Maswali ninayowaambia wenzangu wasitoke chumbani bila kuyauliza ni haya: upasuaji ukihitajika atanifanyia nani, hospitali gani, na damu ya akiba ipo? Nikitokwa na damu nyingi usiku, nimpigie nani? Namba hiyo iandike palepale, kwenye jalada la daftari.