Taarifa ya Wakaguzi: Na Mtoto Aulizwe

Huku Tanzania wakaguzi wa shule siku hizi huitwa wathibiti ubora wa shule. Hutazama ufundishaji, madaftari, madarasa na vyoo. Kisha huandika taarifa.

Tuseme taarifa imesema shule ya kijiji chenu ni dhaifu. Wazazi wanalaumu walimu. Walimu nao wanalaumu wazazi. Mtoto hakuna anayemuuliza! Lakini akiulizwa, huenda akajibu hivi:

"Baba, roho inaniuma shule yetu kuitwa mbovu. Mwalimu wa hesabu anafundisha vizuri. Ila mimi nachelewa, kwa sababu nateka maji kwanza. Na wasichana tunapanga foleni chooni mpaka kipindi kinatupita."

Haya, umesikia? Kipimo cha serikali ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Hesabuni ya kwenu. Na maji ya asubuhi, nani anamtuma mtoto?

Taarifa mbaya si hukumu. Ugonjwa umetajwa, sasa itafutwe dawa.

Fanyeni hivi:
1. Iombeni kamati ya shule isome taarifa mkutanoni.
2. Muulize mwanao anaonaje.
3. Chagueni kasoro moja. Andikeni nani atafanya nini, na lini.