Dondoo muhimu: Mashine ya kahawa ikigoma

• Inachuruzika kwa kusuasua? Maji yenye chokaa yameacha ukoko mweupe ndani. Jaza siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Washa, zima katikati, subiri dakika 30, kisha malizia. Pitisha maji matupu mara 2.

• Haiwaki kabisa? Jaribu soketi nyingine, kagua fyuzi ya plagi, ndipo umwite fundi.

• Jagi limepasuka? Tafuta jagi peke yake. Nenda dukani na la zamani ulinganishe kimo na mdomo.

• Inavuja kitakoni au inanuka waya ulioungua? Chomoa, nunua nyingine.

• Umeletewa kutoka Marekani? Soma kibandiko chini: ya volti 120 itaungua kwenye umeme wetu wa 230 hadi 240.