MKANDA WA TAIMINGI: UBADILISHWE KABLA HAUJAKATIKA



Wengi wenu mnaujua ufundi wa magari. Wengine mliufanya Bukavu, Bujumbura au Eldoret kabla ya kufika huku, na wengine mmeanza kuushika hapa hapa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, hivyo hakuna ajabu kumkuta mwenzetu chini ya gari katika gereji ya Jinja au Mbale. Somo hili ni lake, na la wale wanaojiandaa kumfuata. Linahusu kipande cha mpira ambacho kikikatika huweza kuua injini nzima. Siku hiyo mwenye gari hutafuta mtu wa kumlaumu, na mara nyingi fundi mgeni ndiye aliye karibu.

MKANDA HUU NI NINI

Mkanda wa taimingi, ambao mafundi wengi huuita taimin belti, una meno upande wa ndani. Umefichwa nyuma ya kava mbele ya injini. Kazi yake ni kuunganisha kranki iliyo chini na kamshafti iliyo juu. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Katika injini nyingi za dizeli za Toyota, kama 2L na 3L, mkanda huo huo huzungusha pia pampu ya dizeli.

Mkanda wa feni ukikatika, injini hupata moto, na dereva akiwahi kuzima hapati hasara kubwa. Mkanda wa taimingi hautoi nafasi hiyo. Katika injini ya dizeli nafasi kati ya valvu na pistoni ni ndogo mno. Kamshafti husimama, valvu nyingine zikiwa bado wazi, huku pistoni zinapanda kwa nguvu na kuzigonga. Valvu hupinda, na wakati mwingine kamshafti huvunjika au pistoni hutoboka.

Si kila injini iko hivyo. Corolla ya petroli yenye injini ya 4A-FE au 5A-FE mkanda ukikatika kwa kawaida huzimika tu. Unafunga mkanda mpya na safari inaendelea. Nazo HiAce za petroli zenye injini ya 1RZ hutumia cheni, si mkanda. Kwa hiyo kabla ya kumtisha mwenye gari, soma kwanza namba ya injini.

LINI UBADILISHWE

Kwa injini nyingi za Toyota za dizeli za zamani, kiasi kinachotajwa ni kilomita 100,000. Zikitimia, taa iliyoandikwa T-BELT huwaka kwenye dashibodi. Mwenye gari dogo la nyumbani huweza kuchukua miaka mingi kufika hapo. Lakini fikiria taksi inayotoka Jinja kupitia Iganga, Nakalama na Tirinyi hadi Mbale. Njia hiyo ni kama kilomita 140. Kwenda na kurudi mara moja ni 280. Ikifanya kazi siku 6 kwa wiki, ni kilomita 1,680 kila wiki, na kilomita 100,000 zitatimia katika wiki 60 hivi, yaani mwaka mmoja na miezi miwili. Madereva wengi hawajawahi kupiga hesabu hiyo. Ipigeni pamoja nao.

Tatizo jingine ni kwamba magari haya ni ya zamani. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza Uganda gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yale yaliyokwisha kuingia bado yanafanya kazi. Mengi yana mita ya mwendo iliyokufa au iliyorudishwa nyuma, na taa ya T-BELT imeungua au imetolewa makusudi. Basi usiiamini dashibodi peke yake. Fungua kava la juu utazame. Mkanda wenye nyufa, meno yaliyolika, nyuzi zinazochomoza pembeni au mng'ao mgumu kama wa plastiki umekwisha. Mkanda uliolowa oili umekwisha pia hata kama uliwekwa mwezi uliopita, kwa sababu oili hulainisha mpira. Hapo tafuta sili inayovuja. Ukiweka mkanda mpya bila kubadilisha sili, umetupa pesa.

Tena, ikiwa hakuna anayejua mkanda ulibadilishwa lini, uhesabuni kuwa umekwisha.

KUNUNUA

Nenda dukani na mkanda wa zamani mkononi. Linganisha upana, umbo la meno, na uhesabu meno yote, moja moja. Mkanda uliozidi au kupungua jino moja haufai, hata muuzaji aseme nini. Usinunue mkanda uliotolewa katika gari lililovunjwa kwa spea: huwezi kujua umekimbia kiasi gani. Spea nyingi zilizotumika zinafaa, mlango, taa, hata sanduku la gia, lakini mkanda hapana. Zungusha kwa mkono rola ya kukazia mkanda. Ikikwaruza au kulegalega, inunuliwe mpya siku hiyo hiyo.

KAZI YENYEWE

Injini iwe baridi. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, na waya wa hasi wa betri umetolewa. Ondoa mikanda ya nje, na feni ikiwa inakuzuia. Kisha, kabla ya kulegeza chochote ndani, zungusha kranki kwa spana kufuata mwelekeo wa saa, wewe ukiwa umesimama mbele ya injini, mpaka pistoni ya kwanza iwe juu kabisa na valvu zake zote zimefungwa. Alama ya puli ya kranki itakuwa mbele ya alama yake, ya kamshafti vivyo hivyo, na ya pampu ya dizeli vivyo hivyo. Alama zikiwa zimefutika, weka zako kwa rangi nyeupe. Dakika tano za kupaka rangi zinaokoa siku nzima ya kubahatisha.

Bolti ya puli ya kranki hukaza sana. Wako mafundi wanaoegemeza spana kwenye chesisi na kupiga staata ili ifunguke. Msiige. Spana ikiruka huvunja mkono au taya, nanyi hamna mtu wa kuwalipia hospitali. Tumieni kishikio cha puli na bomba refu.

Legeza rola, vuta mkanda wa zamani. Kuanzia hapo usizungushe kamshafti wala kranki peke yake. Mkanda mpya usiukunje, usiupindue ndani nje, usiulazimishe kwa bisibisi. Anzia kwenye kranki, pita upande usio na rola ukiwa umenyooka bila kulegea, na ulegevu wote ubaki upande wa rola. Achia rola ili springi yake ivute mkanda yenyewe. Sasa zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, ndipo ukaze bolti za rola.

Mizunguko hiyo miwili ndiyo sehemu ambayo fundi mwenye haraka huiruka, nayo ndiyo mtihani wa kazi yote. Baada yake alama zote tatu lazima zirudi mahali pake. Ikiwa moja imekosea hata jino moja, fungua urudie. Ukisikia kranki imegota, usilazimishe; ni valvu imekutana na pistoni, na mkono wako umekuonya kabla ya staata kuivunja. Taimingi ya pampu ikikosea jino moja, gari huweza kuwaka, lakini litakuwa gumu kuwaka, litatoa moshi na kugonga. Usimrudishie mtu gari la namna hiyo ukitumaini litatulia barabarani.

GARI LIKILETWA MKANDA UKIWA UMEKWISHA KUKATIKA

Usipige staata, na umkataze dereva asijaribu tena. Kwa injini ya dizeli, kufunga mkanda mpya juu ya valvu zilizopinda ni kumdanganya mwenye gari. Mwambie wazi kwamba silinda hedi lazima ifunguliwe, na kwamba bei haiwezi kujulikana kabla ya kutazama ndani. Atakasirika. Ni heri akasirike mapema kuliko baada ya kulipa.

ANDIKA

Mgeni asiye na ndugu mjini hulindwa na karatasi. Kabla ya kuanza, andika katika daftari la gereji namba ya gari, aina ya injini, kilomita zilizosomwa, hali ya mkanda ulioukuta, na nani amenunua spea. Mwenye gari au dereva atie sahihi. Akikataa kununua rola au sili uliyomshauri, andika hivyo pia, naye atie sahihi hapo hapo. Mkanda wa zamani mrudishie, asije akadai haukubadilishwa.

Baada ya kazi, rudisha hesabu ya taa ya T-BELT. Katika baadhi ya magari kuna kitufe nyuma ya kizibo kidogo kwenye dashibodi. Katika mengine kuna skrubu nyuma ya mita ya mwendo ambayo huhamishwa tundu. Usipofanya hivyo, taa haitakuwa na maana tena kwa fundi atakayefuata. Mwisho bandika karatasi juu ya kava la mkanda, uifunike kwa plastiki, imeandikwa tarehe, kilomita za leo, na kilomita za kubadilisha tena.